Theluji si ruhusa ya kukosa kazi: namna Wakongomani wa Amerika ya Kaskazini wanavyopambana na baridi

Kwa mkaaji wa Beni, theluji ni kitu cheupe kinachoonekana kwa mbali, juu ya mlima Ruwenzori, siku mawingu yakifunguka. Kwa ndugu zake wanaoishi Marekani na Kanada, theluji iko mlangoni. Kila mwaka, tangu Novemba hadi Machi, wanapaswa kuivuka kabla jua halijatoka ili wafike kazini kwa saa.

Wakongomani hao si wachache. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, hesabu iliyopita ile ya nchi nyingine zote mwaka huo. Wengi walitokea mashariki na wanasema Kiswahili. Wengi pia wanaanzia katika viwanda vya nyama, madepo, usafi wa hospitali na utunzaji wa wazee, kazi zisizoweza kufanyiwa nyumbani.

Pointi zinahesabiwa

Huku kwetu, mvua kubwa ikinyesha asubuhi, mkubwa wa kazi mara nyingi anavumilia: barabara imeharibika, motari hawatembei, kila mtu anajua. Kule mambo ni tofauti. Viwanda vingi vya Marekani vinahesabu pointi: kuchelewa kuna pointi zake, kukosa kuna zaidi. Zikifika kiasi fulani, mfanyakazi anafukuzwa. Katika karibu majimbo yote, sheria inamruhusu tajiri kumwachisha mtu kazi bila kutoa sababu kubwa, na theluji haimlindi mfanyakazi.

Inje ya miji mikubwa, bisi ni chache na zamu nyingine zinaanza saa kumi na moja asubuhi. Ndiyo maana wafanyakazi wanne au watano wanapanda gari moja, wakimchangia mwenye gari feza ya mafuta. Mpango huo unasaidia sana, lakini una hatari yake: gari moja likikataa kuwaka, watu watano wanapata pointi siku moja. Wenye kuzoea wanapatana mapema ni gari la nani litakalowachukua la kwanza likikwama.

Gari nalo linasikia baridi

Batri ndiyo inayoanza kuchoka. Joto likishuka hadi digri 18 chini ya sifuri, inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake, wakati ule ule injini inapohitaji nguvu zaidi ili iwake. Katika miji kama Winnipeg, ambako baridi inafika digri 30 chini ya sifuri, watu wanachomeka gari kwenye umeme usiku kucha ili injini isigande.

Matairi ya kawaida nayo yanakuwa magumu joto likienda chini ya digri 7, na hayashiki barabara vizuri. Jimbo la Québec limefanya matairi ya baridi kuwa lazima kwa sheria, tangu tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi.

Shofere aliyejifunzia kwenye matope ya Kivu ana ujuzi, lakini barafu inadanganya kuliko matope. Kuna barafu nyembamba isiyoonekana, ambayo lami inabaki nyeusi chini yake kama barabara iliyolowa tu. Inaanzia juu ya madaraja, kwa sababu baridi inayapiga juu na chini. Hapo gari linaweza kuhitaji umbali mara kumi zaidi ili lisimame. Dawa ni kwenda polepole, kuacha nafasi kubwa mbele na kutokanyaga breki kwa nguvu. Chumvi inayomwagwa barabarani inasaidia, lakini baridi ikizidi sana nayo inashindwa.

Hatari nyingine inajulikana hata huku. Theluji ikiziba bomba la moshi na injini inawaka, hewa ya sumu inaingia ndani ya gari. Ni sumu ile ile inayoua watu wanaolala na mbabula ya makala chumbani huku madirisha yamefungwa. Haina harufu. Kwa hiyo bomba linasafishwa kwanza, kisha gari linawashwa, na kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa.

Kazi ya asubuhi inaanza jioni

Anayefika kwa saa ni yule aliyejitayarisha tangu jana yake. Anasikiliza habari za hali ya hewa, anaangalia kama mji umekataza kuegesha barabarani, maana mashine za kuondoa theluji zikipita, gari linakokotwa na mwenyewe analipa amende. Anaweka pauro, blanketi na taa ndani ya gari, anajaza mafuta, anaamka saa nzima mapema.

Anayengojea bisi anavaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, badala ya koti moja zito. Ya ndani isiwe ya pamba, kwani pamba inashika jasho na kuleta baridi. Upepo ukifanya baridi isikike kama digri 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kati ya dakika 10 na 30.

Haya yote yanagharimu. Matairi manne ya baridi yanafika dolari mamia kadhaa, na yanatakiwa kabla tu ya sikukuu, wakati simu za kuomba msaada zinapoongezeka kutoka Goma, Bukavu na Uvira. Ndugu akijibu kwamba mwezi huu ananunua matairi, si lazima awe amesahau nyumbani. Bila matairi hayo, pengine hatafika kazini Januari, na feza za karo ya shule hazitatumwa.