Tingatinga Huondoa Miti, na Udongo Pia

Mkulima wa skimu anapotazama kipande chake kilichojaa leleshwa, visiki na magogo yaliyolala ovyo, hutamani jambo moja tu: kipande kile kiwe wazi kabla ya mvua. Kwa shoka na sururu ni kazi ya miezi mingi. Kwa tingatinga ni kazi ya siku chache. Basi hukopa fedha, tingatinga likaja, na jioni ya mwisho shamba limekuwa jeupe kama uwanja wa mpira. Majirani humpongeza. Lakini mara nyingi taabu huanza hapo.

Mwandishi wa habari hizi alimwona mzee mmoja katika Bonde la Ufa aliyepatwa na jambo hili. Dereva alipofika, mzee alimwambia, "Kijana, nitolee kila kitu, hata mizizi."

"Haya, mzee," akasema dereva, akashusha bamba la chuma mpaka likazama udongoni, akasukuma vyote hadi ukingoni mwa shamba.

Msimu ule mahindi ya katikati ya shamba yalifika magotini, yakawa manjano. Lakini kando kwenye malundo ya magogo, managu na terere zilistawi ajabu, mpaka watoto wa jirani wakawa wanakuja kuchuma. Mzee alinionyesha malundo yale kwa fimbo yake, akasema, "Bwana, mimi nimelipa fedha ili udongo wangu uhamishwe."

Alisema kweli. Chakula cha mimea kimo katika udongo wa juu, ule mweusi, ambao mahali pengi hauzidi inchi sita au nane. Bamba likizama inchi nne, nusu ya utajiri wa shamba imekwenda kwenye lundo. Deni la tingatinga hulipwa kwa mavuno, na mavuno hayatoki katika udongo mwekundu wa chini uliobaki.

Dereva hana kosa kubwa. Tingatinga hulipwa kwa saa, naye hufanya alivyoambiwa. Kwa hiyo mwenye shamba yampasa kutembea naye kwa miguu kabla mashine haijawashwa. Mwambie bamba lipite juu ya ardhi, lisukume shina na wala lisikate udongo. Kama lipo bamba lenye meno marefu kama reki, dai hilo, maana meno hukamata mizizi na kuacha udongo upite katikati. Kisiki kikishang'oka, kigeuzwe na kutikiswa hapo hapo kilipotoka, kisiburutwe na udongo wake. Tena onyesha bikoni za mpaka, na uzifunge kitambaa kwenye kijiti kirefu. Bikoni iliyozikwa na tingatinga huleta kesi na ugomvi wa majirani ambao huishi kuliko shamba lenyewe.

Malundo nayo yalazwe kukingama mtelemko, yasielekee chini, na yaachwe nafasi hapa na pale. Lundo lililoelekea chini ya kilima hugeuka kuwa mfereji, na mvua ya kwanza huonyesha. Kanuni za matumizi ya ardhi za mwaka 1965 zilikataza kulima mahali penye mtelemko wa zaidi ya asilimia 35. Mahali kama hapo msiite tingatinga kabisa, acheni miti.

Wengine huuliza, je, ni wakati gani wa kuling'oa pori? Udongo ukiwa tope, uzito wa mashine huukandamiza ukawa kama sakafu, na mizizi ya mahindi haipiti. Ukiwa mkavu sana, mizizi hukatika ikabaki chini, na leleshwa huchipuka tena kutoka kwenye kisiki. Wakati mwema ni mvua zikiisha, udongo ukiwa umekauka juu na bado una unyevu kidogo chini.

Msidhani kwamba makosa haya ni ya mkulima mdogo peke yake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kufyeka pori la Kongwa, Tanganyika, ili kupanda karanga. Walileta matingatinga mengi, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa trekta, na wakafunga minyororo mizito kati ya mashine mbili ili kuangusha miti. Miti iliangukia upesi. Mizizi ndiyo iliyowashinda, maana ilivunja majembe ya trekta, na udongo wenye mchanga mkali ukayala makali yake. Jua lilipowaka, udongo ule ukawa mgumu kama tofali. Walikusudia ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza, wakapanda chache mno. Mpango ulipovunjwa mwaka 1951 zilikuwa zimepotea pauni milioni 36 hivi. Walikuwa na mashine za kutosha. Hawakuupima udongo na mvua kwanza.

Wenye kutaka kupanda chai wana sababu zaidi ya kutokimbilia mashine. Visiki vya miti ya msitu vikibaki ardhini huweza kulisha ukungu uitwao Armilaria, nao hutambaa kwenye mizizi na kuua michai mmoja baada ya mwingine, pengine miaka mingi baada ya kupanda. Dawa ya wazee wa chai ni kubandua ganda la mti kuzunguka shina lote, kisha kuuacha usimame mpaka ufe polepole. Mti huo humaliza wanga uliomo mizizini, na ukungu hukosa chakula. Baadaye ndipo mti huangushwa na mizizi kufukuliwa. Ni kazi ya kungoja mwaka na zaidi, lakini kung'oa michai iliyokufa ni kungoja zaidi.

Na magogo? Msiyachome yote kwa moto mmoja mkubwa, kwani moto huo huunguza udongo ulio chini yake. Chagueni kwanza nguzo za boma na kuni za nyumbani. Mkitaka kuchoma makaa, ulizeni ofisi ya misitu kabla ya kuanza, maana makaa yana kanuni zake. Vijiti na majani vilazwe kukingama mtelemko vioze.

Mashine ikiondoka, shamba lisikae uchi. Pandeni maharagwe au mtama mara mvua ya kwanza inyeshapo, hata kama uzio bado haujakwisha.