Wi-Fi ya Kuchangia: Tafuta Tatizo Kabla ya Kumtafuta Mchawi

Likizo ikifika, au msimu wa mazoezi ya kufundisha ukianza, wengi wetu tunajikuta nyumba moja ya kupanga watu watatu hadi watano. Wengine wako Bukoba mjini, kule Kashai, Hamugembe au Rwamishenye. Wengine wamepangiwa shule za Muleba, kuanzia pale barabara kuu mpaka juu Nshamba na Kamachumu. Bando la kila mtu kivyake linaumiza mfuko, hasa bumu likichelewa, kwa hiyo tunachanga: ruta moja ya laini, bando moja la mwezi, laptopu mbili tatu na simu za watu wote. Hesabu inakaa vizuri kabisa mpaka siku mtandao unapogoma.

Na mara nyingi unagoma siku mbaya. Utagoma usiku wa kutuma kazi ya mhadhiri, au siku ya mwisho ya kukamilisha maombi ya mkopo HESLB. Hapo ndipo utasikia: "Nani kabadilisha paswedi?" "Nani anashusha muvi?" Yaani mchawi anatafutwa kabla tatizo halijatafutwa.

Sisi tunaosoma ualimu tunafundishwa jambo moja linalofaa sana hapa. Mwanafunzi mmoja akikosa swali, mwangalie mwanafunzi. Darasa zima likikosa, jiangalie wewe mwalimu na swali lako. Wi-Fi ya nyumbani inapimwa hivyohivyo.

Ni mmoja au ni wote?

Kabla ya kugusa kitu chochote, uliza nyumba nzima: nani anapata na nani hapati? Kama laptopu moja imegoma lakini simu mbili zinafungua kurasa vizuri kwenye ruta ileile, basi ruta na bando havina kosa. Shida iko kwenye hiyo laptopu. Kama wote wamekosa, acheni laptopu, nendeni kwenye ruta na kule inakochukua mtandao.

Intaneti ya nyumbani ina safari ya vipande vitatu. Cha kwanza ni kutoka kompyuta hadi ruta, na hicho peke yake ndicho Wi-Fi. Cha pili ni kutoka ruta hadi mnara wa simu. Cha tatu ni kutoka mnarani kwenda duniani. Zile alama za Wi-Fi kwenye kona ya skrini zinapima kipande cha kwanza tu. Ndiyo maana zinaweza kuwa zimejaa zote na bado barua pepe isifunguke.

Kupima vipande hivi hakuhitaji fundi. Kwenye Windows, andika cmd sehemu ya kutafutia, fungua, kisha andika ipconfig. Tafuta mstari ulioandikwa Default Gateway. Namba iliyo mbele yake ndiyo anwani ya ruta yenu, mara nyingi 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Sasa andika neno ping, acha nafasi, weka namba hiyo. Ikijibu, kipande cha kwanza ni kizima. Kisha jaribu ping 8.8.8.8, ambayo ni kompyuta ya Google iliyo nje kabisa ya nyumba yenu. Ikijibu, mnara nao uko sawa. Mwisho jaribu ping google.com.

Pengine namba itajibu na jina litagoma. Hapo kilichokufa ni huduma ya kutafsiri majina, inayoitwa DNS. Ifikirie kama orodha ya majina kwenye simu: wewe unamjua mtu kwa jina, simu inampigia kwa namba. Orodha ikipotea, laini ni nzima lakini humpati mtu. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta, au ya ruta yenyewe, na kuweka DNS ya 8.8.8.8 au 1.1.1.1.

Laptopu moja inapogoma

Anza na vitu vidogo. Laptopu nyingi zina kitufe cha kuzima mawasiliano yote, chenye picha ya ndege, na kinabonyezwa bila mtu kujua. Kisha iambie laptopu isahau mtandao ule, uunganishe upya na kuandika paswedi upya. Kama paswedi ilibadilishwa, ile ya zamani iliyohifadhiwa ndiyo inayokuzuia.

Halafu soma anwani ya laptopu yenyewe kwenye ipconfig. Ikianza na 169.254, maana yake laptopu iliomba anwani kwa ruta, haikupewa, ikajipa ya kwake. Kwa anwani hiyo haitafika popote. Zima Wi-Fi ya laptopu na kuiwasha. Ikishindikana, zima ruta. Kama mashine inalalamika kwamba anwani yake inatumiwa na mwingine, huenda mtu aliiandika kwa mkono ilipokuwa ofisini au kwenye maabara ya kompyuta. Irudishe kwenye kupata anwani moja kwa moja.

Lingine ni tarehe. Laptopu kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa ikizimika ghafla umeme ukikatika, inaweza kuamka ikidhani tuko mwaka 2010. Tovuti za siku hizi zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikiona tarehe hazilingani, inakataa kufungua ukurasa na kukuonya kwamba si salama. Ukirekebisha tarehe na saa, kurasa zinafunguka.

Kuta, mabati na umbali

Kama laptopu inapata ukiwa sebuleni na kukosa ukiwa chumbani, hakuna kilichoharibika. Ruta nyingi hurusha masafa mawili, gigahazi 2.4 na gigahazi 5. La 2.4 lina kasi ndogo lakini linapenya kuta vizuri zaidi. La 5 lina kasi kubwa ukiwa karibu, ila ukuta wa tofali unalichosha mapema. Aliye chumba cha mwisho atumie la 2.4, aliye karibu na ruta atumie la 5.

Bati na chuma huzuia mawimbi kuliko mbao, kwa hiyo ruta iliyowekwa juu ya friji au nyuma ya kabati la chuma imefungiwa. Iweke juu, sehemu ya wazi, katikati ya watumiaji. Mjini, ambako nyumba zimebanana, kila jirani ana ruta yake na zote zinagombania hewa ileile. Kwenye 2.4, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Ingia kwenye ukurasa wa ruta kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari, ujaribu moja baada ya nyingine.

Ujue pia kwamba Wi-Fi ni kama darasa lenye nidhamu: kwenye chaneli moja anaongea mmoja kwa wakati. Mashine iliyo mbali, ambayo ruta inaisikia kwa shida, hutuma polepole na kurudiarudia, na muda wote huo wengine wanasubiri. Kwa hiyo ukimsogeza yule wa mbali, mnafaidika wote.

Wote wanapokosa

Muleba ina vilima na mabonde, na kipande cha pili kinasumbua zaidi huko. Nyumba iliyo upande wa pili wa kilima inaweza kuwa karibu na mnara na bado isiuone. Nyumba zetu pia zimezungukwa na migomba, na majani mabichi yaliyolowa yanadhoofisha mawimbi. Bukoba hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo majani hayo yanalowa mara nyingi.

Fanyeni hivi. Kwanza hakikisheni bando lipo, kwa sababu laini isiyo na bando inashika mtandao vizuri na kuwasha taa zote kama kawaida. Pili, toeni laini kwenye ruta na kuiweka kwenye simu. Ikifanya kazi kwenye simu, shida ni ruta au mahali ilipo. Ikigoma na huko, shida ni laini, bando au mnara. Tatu, tembeeni na ruta kwenye madirisha yote mkisoma alama za mnara, si za Wi-Fi, na muiache pale zinapozidi. Kama dirisha zuri liko mbali na chumba mnachosomea, chagueni dirisha. Mnara huwezi kuusogeza, laptopu unaweza.

Kuzima na kuwasha ruta nako kunasaidia kweli. Ruta ni kompyuta ndogo. Ikikaa siku nyingi inaweza kukwama au kung'ang'ania mnara dhaifu. Izimeni, hesabuni sekunde 30, iwasheni, muipe dakika mbili kabla ya kuilaumu. Radi za ukanda wa ziwa zikianza, chomoeni adapta kwenye soketi. Ruta iliyopigwa na umeme haina dawa.

Na ikitokea kila kitu nyumbani ni kizima, ulizeni walio mbali. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, hitilafu kwenye mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilivuruga intaneti Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo unaweza kuizima na kuiwasha ruta yako Kamachumu mara ishirini bila faida, maana kilichokatika kiko Bahari ya Hindi. Ukimpigia rafiki aliye Mwanza au Dar es Salaam anayetumia mtandao mwingine, utajua kwa dakika moja.

Bando limekwenda wapi?

Hapa ndipo urafiki unapovunjika. Nyumba moja ya Kashai ninayoijua, wadada wanne walichanga bando la mwezi, likaisha siku ya sita. Mmoja wao anapenda tamthilia, basi kesi ikaishia kwake. Alijitetea, hakusikilizwa, akatoka kwenye mchango na kuanza kununua bando la siku kwa hela ya kula. Wiki mbili baadaye nikakaa na mmoja wao, tukafungua ukurasa wa matumizi ya data kwenye laptopu yake. Sehemu kubwa ya lile bando ilikuwa imeliwa na masasisho ya mfumo, yakijishusha usiku watu wamelala. Mwenye laptopu hakujua, na laptopu haikumwambia. Waliomba msamaha na ukapokelewa, lakini yule dada hajarudi kwenye mchango mpaka leo.

Chanzo chake ni rahisi kueleweka. Mifumo hii inadhani Wi-Fi ni intaneti isiyohesabiwa, kwa sababu imezoea nyumba zinazolipia mwezi mzima bila kikomo. Simu nayo ikiona Wi-Fi inapandisha picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni na kusasisha programu zake. Haijui kwamba nyuma ya Wi-Fi yenu kuna laini yenye GB za kuhesabu.

Kwa hiyo iambieni. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya mtandao huo wa Wi-Fi na uwashe Metered connection, yaani muunganisho unaohesabiwa. Sehemu kubwa ya masasisho itasubiri. Kwenye simu za Android kuna mpangilio kama huo ndani ya taarifa za mtandao husika. Kila mtu afanye kwenye mashine yake, maana mmoja akisahau, mnalipa wote. Kisha ingieni kwenye ukurasa wa ruta na kuhesabu vifaa vilivyounganishwa. Mkiwa wanne na vifaa ni kumi na moja, paswedi imeshatoka nje ya nyumba. Ibadilisheni, na ile ya kuingilia ukurasa wa ruta pia, kwa sababu ile iliyokuja nayo imeandikwa chini ya ruta na kila mgeni anaweza kuisoma.

Kazi ambazo hazihitaji bando

Kwa kuwa Wi-Fi ni kipande cha kwanza tu, inafanya kazi hata bando likiwa limeisha. Laptopu mbili zilizo kwenye ruta moja zinaweza kupeana maandalio ya somo, na printa yenye Wi-Fi inaweza kuchapa mtihani, bila kutumia hata MB moja. Kompyuta zisipoonana, angalia kama mtandao umewekwa kuwa wa umma. Windows ikidhani uko mahali pa umma huificha mashine yako. Ukiwa nyumbani na watu unaowaamini, uweke kuwa binafsi. Walio field wakijua hili, hawatakuwa wanatuma faili WhatsApp kwa mtu aliyekaa kiti cha pili.

Andikeni mpangilio huu kwenye karatasi na muibandike karibu na ruta: mmoja au wote, anwani ya ruta, 8.8.8.8, jina, bando, dirisha, vifaa vingapi. Ni dakika kumi za kazi. Kama baada ya hapo bado mnataka kumuuliza mtu swali, muulizeni, lakini mkiwa na ukurasa wa matumizi mkononi, na muanze kwa kila mmoja kufungua wa kwake.