Malenga mkaazi shambani ana kazi gani?
Mwanafunzi wangu kutoka Kwanza ameniuliza: shamba laweza kuwa na malenga mkaazi? Naam. Huyu ni mshairi anayekaribishwa akae mahali kwa muda, atunge papo hapo. Robert Burns wa Scotland hakukaribishwa. Alikodi shamba la Ellisland mwaka 1788, akalima na kutunga. Shamba halikumlipa, akatoka 1791. Leo ni makumbusho.

Mashamba ya mahindi ya Trans-Nzoia, ya tangu enzi za walowezi, yanazidi kukatwa vipande. Msamiati nao unapotea. Malenga akikaa huko kuanzia kupanda hadi kupukuchua, atasikia bua na gunzi vikitajwa na wanaovishika. Darasani kwangu, jamani, gunzi huitwa “kale kamti ka mahindi”! Ila akae msimu mzima, si wikendi moja.