KIPIMO CHA MBIO ZA KIGARI CHA JUA

Yako makosa ambayo mwalimu hana budi kuyakiri mbele ya wanafunzi wake, na hili ni moja.

Mwaka 2016 jirani zetu wa Uganda walizindua mjini Kampala basi la Kayoola, lenye paneli za jua juu ya paa. Vijana wetu hapa Nansio nao huunda vigari vya mbao vyenye paneli ndogo na mota ya sumaku. Siku moja wawili walibishana: cha nani chaenda mbio zaidi? Mota na magurudumu yao yalikuwa sawa. Tukafuatana na kila kigari, kipimo cha volti mkononi, nyaya zake zimeungwa na mota. Kimoja kikaonyesha volti 2.2, cha pili volti 2. Tukampa kalamu mwenye volti nyingi.

Aliyeshindwa hakusema neno. Alilishika gurudumu la kigari cha mwenziwe lisizunguke. Paneli ingali juani, na kipimo bado kikaonyesha volti! Tukatahayari.

Sababu ni hii. Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alivumbua kwamba waya ukipita penye sumaku huzaa umeme. Basi mota izungukapo huzaa volti zake yenyewe, nazo huongezeka sawasawa na mbio. Lakini kipimo huonyesha pamoja nazo volti zinazopotea katika kuupitisha mkondo ndani ya nyaya za mota.

Tuseme ukinzani wa mota ni omu 2. Kigari kizito chavuta ampea 0.7: zidisha kwa 2, zimepotea volti 1.4, katika 2.2 zabaki 0.8. Chepesi chavuta ampea 0.4: zimepotea 0.8, katika 2 zabaki 1.2. Basi chepesi ndicho chenye mbio.

Asiye na kipimo cha ampea na aikate paneli ghafula, kigari kingali chaserereka, asome volti papo hapo. Kigari kikienda mita 10 kwa sekunde 5, mwendo wake ni mita 2 kwa sekunde. Ikiwa volti hapo ni 1.2, siku zitakapokuwa 1.8 mwendo ni mita 3.

Kesho yake tulimwomba radhi kijana yule mbele ya wenzake, tukampa kalamu. Ya yule wa kwanza hatukuichukua, kwani kosa lilikuwa letu. Kupunja kipimo ni dhuluma, hata mpimaji asipokusudia. Na tujue kwanza kipimo chapima nini, ndipo tuhukumu.