Daftari la Faili Zijulikanazo

Mpelelezi aliyekabidhiwa kompyuta ya mshtakiwa hukabiliwa kwanza na wingi: faili laki kadhaa, ambazo aghalabu sehemu yake kubwa si kazi ya mshtakiwa hata kidogo, bali ni picha, sauti na vipande vya programu vilivyokuja na mashine tangu dukani. Kuzifungua moja moja hakuna mwisho, na kuziamini kwa majina yake ni ujinga, maana jina la faili hubadilishwa na mtoto yeyote.

Ndipo huja hashi, nayo ni hesabu ya kriptografia ipitayo juu ya faili nzima, ndogo au kubwa, ikatoa mfululizo wenye urefu ule ule daima: alama 40 kwa hesabu iitwayo SHA-1, 64 kwa SHA-256. Hata faili tupu ina hashi yake, ambayo kwa hesabu nyingine iitwayo MD5 huanza na d41d8cd9. Geuza nukta moja iwe mkato, mfululizo wote hubadilika. Geuza jina tu, haubadiliki asilani.

Huko Gaithersburg, Maryland, taasisi ya vipimo na viwango ya serikali ya Marekani, NIST, imekusanya programu halisi katika maktaba, ikazihesabia faili zake hashi, na orodha ikatolewa bure. Mpelelezi hulinganisha hashi za faili za kompyuta ile na orodha hiyo, zilizomo orodhani akaziweka kando, akabaki na chache zistahilizo macho yake.

Lakini orodha hiyo, na hapa ndipo wengi huteleza, husema tu kwamba faili yajulikana, haishuhudii kuwa ni njema: zimo hata zana za kuficha siri ndani ya picha na za kudukua mifumo. Hukumu ni ya mpelelezi mwenyewe.

Wala hesabu zenyewe hazikusalimika. Mwaka 2004 Xiaoyun Wang na wenzake wa China walidhihirisha data mbili tofauti zenye MD5 moja, na mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam pamoja na Google wakatoa hati mbili za PDF zenye SHA-1 moja. Hata hivyo, kujitungia jozi ifananayo ni jambo jingine kabisa na kughushi faili ilingane na ile iliyokwisha kuandikwa daftarini. Hili la pili ni gumu mno, na ndiyo sababu orodha za zamani za MD5 na SHA-1 hazikutupwa, ijapokuwa SHA-256 imeongezwa kando yake.