Sarafu za Dhahabu za Urithi: Zipelekwe kwa Wapimaji au Ziachwe?

Mzee wa nyumba anapofariki, hesabu ya mirathi mara nyingi huishia kwenye sanduku la chuma lililo chini ya kitanda. Pamoja na hati za kiwanja na karatasi za pensheni, pengine hutoka kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake sarafu mbili tatu za dhahabu. Kwa mjane wa askari wa Buyenzi au Ngagara mwenye karo za watoto za kulipa, swali huja mara moja: je, ziuzwe kwa sonara hapa hapa Bujumbura, au zipelekwe ng'ambo zikathibitishwe na kupewa daraja la ubora?

Jibu hutegemea aina ya sarafu. Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962 zilitolewa sarafu za dhahabu zenye sura ya Mwami Mwambutsa wa Nne, za faranga 10, 25, 50 na 100. Uzito wake ni gramu 3.2, 8, 16 na 32, na katika kila sehemu 1,000 dhahabu ni sehemu 900. Ufalme ulikoma Novemba 1966, na mwaka 1967 zikafuata sarafu za dhahabu zenye sura ya Rais Michel Micombero. Nyingine ipatikanayo katika vidani vya akina mama wa Kiswahili ni pauni ya Kiingereza, ya karati 22, yenye uzito wa gramu 7.98 na upana wa milimita 22.05.

Kuthibitisha kwamba kitu ni dhahabu hakuhitaji safari ya ng'ambo. Mizani ya sonara na bakuli la maji vinatosha kwa hatua ya kwanza. Sarafu hupimwa ikiwa kavu, kisha hupimwa tena ikiwa imening'inizwa kwa uzi ndani ya maji bila kugusa bakuli. Faranga 100 ya mwaka 1962 itapungua kama gramu 1.9 hivi. Kipande cha shaba ya manjano chenye uzito huo huo, kilichopakwa dhahabu juu, kitapungua zaidi ya gramu 3.5. Sumaku, ambayo wengi huitegemea mno, hukamata chuma tu. Shaba na risasi hupita mbele yake bila kutambuliwa.

Hata hivyo, dhahabu ya kweli haimaanishi sarafu ya kweli. Baada ya vita vya pili vya dunia pauni nyingi za bandia zilipigwa Beirut na Italia, na baadhi yake zilikuwa na dhahabu kamili. Sonara anayenunua kwa gramu hapotezi kitu kwa hilo. Mkusanyaji wa sarafu hupoteza, naye ndiye aliyesababisha kazi ya upimaji iwepo.

Kampuni mbili za Marekani ndizo zinazojulikana zaidi: PCGS, iliyoanza mwaka 1986, na NGC, ya mwaka 1987. Hukagua sarafu, huipa namba kati ya 1 na 70, kisha huifunga katika kasha la plastiki. Mwenye mali hulipa ada, usafirishaji na bima, na kabla ya hayo yote yampasa aulize idara ya ushuru kuhusu kanuni za kupeleka dhahabu nje ya nchi.

Gharama hiyo hufaa pale tu sarafu inapozidi sana thamani ya dhahabu yake. Riali za dhahabu za Sayyid Barghash wa Unguja, za mwaka wa Hijria 1299, yaani 1882, ni adimu kweli; kuziuza bila cheti ni kuzitupa. Sarafu za Mwambutsa ni jambo jingine. Hazikuzunguka sokoni, zilitengenezwa kwa ajili ya kuwekwa, na kwa hiyo iliyo safi si ajabu. Kwa familia yenye moja au mbili, mizani ya sonara yatosha.

Pauni iliyotobolewa au kuchomelewa kikuku ili ivaliwe shingoni haipewi namba ya kawaida hata ikiwa ya zamani. Vivyo hivyo sarafu iliyosuguliwa kwa majivu au dawa ya meno ili ing'ae, kosa linalofanywa kwa nia njema na ambalo halirekebishiki.

Kabla ya sarafu kutoka nyumbani, iwe inakwenda kwa sonara au posta, warithi waipime pamoja, waipige picha pande zote mbili, waandike uzito na mwaka wake, na watu wazima wawili watie sahihi. Anayeipokea naye atoe stakabadhi yenye uzito ule ule.