Josho Hukamilika Ng'ombe wa Kwanza Anapoogeshwa

Miradi ya mifugo katika kaunti za mashambani nchini Kenya huanza kwa ahadi nzuri, na mara nyingi ahadi hizo hutokana na mahitaji ya kweli. Wafugaji wanataka josho kwa sababu kupe wanaeneza ndigana kali. Wanataka silanga kwa sababu maji yako mbali, na mtambo wa kupozea maziwa kwa sababu maziwa ya jioni yakilala nyumbani hukataliwa sokoni asubuhi. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, majosho, masoko ya mifugo, vichinjio na udhibiti wa magonjwa ya wanyama viliwekwa mikononi mwao. Hivyo ni haki ya mfugaji kuuliza: kati ya kilichoahidiwa na kilichojengwa, ni nini kilichopungua njiani?

Upungufu huanzia kwenye mpango. Kaunti huandika mpango wa miaka 5, kisha huutekeleza kwa bajeti za mwaka mmoja mmoja, kutoka Julai 1 hadi Juni 30. Katika vikao vya kukusanya maoni ya umma kila wadi hutaja hitaji lake, na ni sawa ifanye hivyo. Lakini fedha zinazotosha silanga mbili zikigawanywa kwa wadi tano, kila wadi hupata pesa za kuchimba na kukosa za kumalizia. Hakuna aliyedanganya hapo. Kila mmoja alitaka watu wake wasisahauliwe.

Ujenzi nao una kalenda mbili zisizopatana, ya bajeti na ya mvua. Silanga inafaa kuchimbwa Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu, ili mvua ya masika ya Machi hadi Mei iijaze. Fedha zikichelewa kufika na zabuni ikacheleweshwa, mwanakandarasi hukabidhiwa eneo Aprili, wakati barabara ya udongo haipitiki na trekta limezama kwenye tope. Katika hesabu za ofisi hiyo ni miezi miwili ya kuchelewa. Kwa mfugaji ni msimu mzima, kwa kuwa maji yaliyopita hayarudi, na sasa atasubiri vuli ya Oktoba.

Kinachoachwa bila kukamilika aghalabu ni kidogo kwa macho. Chukua silanga. Shimo limechimbwa, tuta limeinuliwa, lakini ua haujajengwa, wala bomba la kupeleka maji kwenye hori lililo nje ya ua. Mifugo huingia majini moja kwa moja. Kwato hubomoa kingo, udongo huteremka, samadi huchanganyika na maji ambayo watu pia huyateka. Baada ya misimu michache kina kimepungua, na wadi inaomba fedha za kuchimba upya palepale. Josho ni hivyo hivyo. Tangi limejengwa na paa limeezekwa, lakini hakuna chanzo cha maji cha kujaza maelfu ya lita, wala dawa ya kuanzia, wala shimo la kumwagia maji yenye sumu. Mtambo wa maziwa huweza kufika ukiwa mpya na kukaa kimya kwa sababu kijiji hakina umeme wa fezi tatu.

Gharama hupanda kwa sababu zinazoeleweka. Udongo usipopimwa mapema, mwamba hugunduliwa mchimbaji akiwa tayari kazini. Saruji na dizeli hupanda bei. Mwanakandarasi asiyelipwa kwa wakati huondoa mashine zake, na kuzirudisha ni gharama nyingine. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 hairuhusu bei ya mkataba kupandishwa ndani ya miezi 12 ya kwanza, na baadaye nyongeza zote kwa jumla hazipaswi kuzidi asilimia 25. Ni kinga nzuri ya fedha za umma. Hata hivyo, pale makadirio yalipokuwa finyu tangu mwanzo, njia inayobaki ni kupunguza kazi, na kinachopunguzwa ni ua, hori na bomba. Vitu hivyo huitwa awamu ya pili, na awamu ya pili husubiri bajeti nyingine.

Hata kazi yote ikikamilika, hubaki swali la nani atauendesha mradi. Josho huhitaji mtu mwenye ufunguo, siku inayojulikana ya kuogesha, na ada ambayo mwenye ng'ombe watatu anaimudu. Miaka ya 1990, wafugaji walipoachiwa majosho yaliyokuwa yakihudumiwa na serikali, mengi yalikauka, kwani kamati hazikuwa na fedha za dawa wala utaratibu wa kuzikusanya. Tangi lilikuwepo. Kilichokosekana ni huduma.

Kwa hiyo tarehe ya kukamilika isiwe siku ya kukabidhi jengo. Iandikwe kwenye mkataba kuwa siku ambayo ng'ombe wa kwanza anaogeshwa, mbuzi wa kwanza anakunywa horini, na lita ya kwanza ya maziwa inapozwa. Na wewe mfugaji, utakapoitwa kwenye kikao cha bajeti, usiulize tu kama wadi yako imepata silanga. Uliza kama ua, bomba na hori vimo kwenye hesabu hiyo hiyo.